Kilio Nilichokiuza Ughaibuni

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wa maigizo na majirani hapa Bagamoyo, jioni moja baada ya swala ya Alasiri. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na nimeongeza machache niliyoyasahau pale.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee wangu. Hamjambo vijana.

Kijana aliyekuja kunialika aliniomba niwaeleze jinsi nilivyofanikiwa nje. Ni mtoto mwenye adabu na nimemshukuru, lakini nimemwomba ruhusa nibadilishe mazungumzo. Nikisimama hapa kuwaeleza hilo nitakuwa naigiza, na jukwaa nililiacha miaka mingi. Nimekuja kuwaeleza habari ya ungo wa mchele.

Wa umri wangu mnanijua. Mimi ni mtoto wa hapa hapa Mji Mkongwe. Baba alikuwa mvuvi, na mama alikaanga samaki kule pwani, hatua chache kutoka pale madalali wanaponadi. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa hapa mwaka 1981 nilikuwa na miaka 11. Kilichukua wasanii waliotoka kwenye vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, na sisi watoto tulikuwa tunakwenda kuwachungulia wakifanya mazoezi. Tukirudi nyumbani, uwanja mzima ni jukwaa. Mama alikuwa akitoka nje anakuta ndoo yake imekuwa ngoma na kanga yake imekuwa pazia. Hakugomba. Aliichukua kanga yake, akaikung'uta mchanga, akaingia ndani.

Baadaye nikaingia chuoni mwenyewe. Tulifundishwa sauti. Sauti itoke tumboni, ifike kwa mtu aliyesimama nyuma kabisa, maana michezo yetu mingi ilichezwa viwanjani, chini ya miembe, bila maiki, huku watoto wanalia na mbuzi wanapita katikati. Na mchezo ulikuwa na ujumbe: watu wachimbe vyoo, watoto wa kike wapelekwe shule, ukimwi unaua. Ujumbe ulipaswa ufike. Nawaheshimu walimu walionipa sauti ile, na mkiniona leo nasema nanyi bila kipaza sauti, jueni ni mali yao.

Tamasha la hapa Bagamoyo, lile lililoanza 1982, lilikuwa linaleta wageni kutoka kila upande. Mgeni mmoja aliniona nikicheza, barua zikaenda na kurudi, na mwaka 1998 nikapanda ndege kwenda Uingereza. Mama alinisindikiza mpaka kituo cha mabasi. Alinipa chupa ya chai ya tangawizi na hakusema neno lolote la kuagana. Mimi nikadhani amekasirika.

Sasa nisikilizeni, vijana, kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. Kwa Kiswahili nilikuwa na zana zote. Neno moja tu, "haya", nilikuwa naweza kulisema kwa namna saba: la kukubali, la kukata tamaa, la kuaga, la kumwonya mtoto, la kumfukuza mgeni kwa heshima, la kumpa mtu moyo, na lile wanalosema wazee wetu wakishasikia habari ambayo hakuna la kufanya tena. Kule nilivuliwa zana hizo mlangoni. Mwigizaji asiye na maneno atapewa nini? Nilipewa wanawake wa kulia. Mama aliyefiwa vitani. Mama mkimbizi. Mama anayeangua kilio mwanawe akichukuliwa. Wengi wao hawakuwa hata na jina kwenye karatasi. Waliandikwa "mama" basi.

Mwongozaji mmoja aliniambia, "Lia kama wanavyolia kwenu." Nikajitupa sakafuni. Nikajipiga kifua, nikapiga ukunga mpaka koo likakwaruza. Mwongozaji akafurahi, na usiku wa onyesho watazamaji wakasimama wakapiga makofi. Kuanzia hapo nikajulikana kwa kilio kile. Nikakilia mji huu, nikakilia mji ule, nikalipwa. Na mimi maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akijitupa chini. Siku baba alipozama, mama alivua bangili zake akaziweka juu ya kabati, akaenda kuwasha moto kwa sababu watu wangekuja. Hicho ndicho kilio cha kwetu nilichokijua kwa macho yangu. Kile nilichokuwa nakiuza nilikitunga, kwa kuwa nilihisi ndicho wanachokitaka.

Mwaka 2002 nikapigiwa simu kwamba ukumbi wa chuo umeungua moto. Nilikaa kitandani nimeishika simu muda mrefu. Usiku ule nilikuwa na onyesho. Nililia jukwaani kama nilivyolipwa kulia, na kwa ajili ya ukumbi wetu sikutoa hata chozi moja. Hapo nikajua kuna kitu kimeharibika.

Sikudumu. Nikaacha, nikaanza kubeba boksi kama wenzangu, na boksi langu mimi lilikuwa kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Hayo sitayarefusha. Kazi ni kazi, na pesa yake ilipaua nyumba ya mama. Ila kuna bibi mmoja kule aliyekuwa kila usiku akikunja kitambaa kilekile, anakikunja mara nne, anakikunjua, anaanza tena. Nilimtazama miaka miwili. Hakuwahi kunisimulia maisha yake, nami naamini nayajua.

Nikachukua uraia wa kule, nao sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Uliochukuliwa ukaingia, wa kuzaliwa ukatoka. Nilitia saini nikiwa na haraka, nina zamu saa mbili. Sikuielewa saini ile mpaka 2016.

Mwaka huo simu ililia Alfajiri. Kaka yangu alisema, "Mama ametangulia." Wote hapa mnajua, maiti haingoji ndege. Mimi nilipokuwa bado natafuta tiketi, mama alikuwa ameshazikwa. Nilifika Dar es Salaam siku ya tatu, nikapanga foleni ya wageni kulipia viza ya dola 50 ili niingie kwenye msiba wa mama yangu mzazi. Ofisa alikuwa kijana kama ninyi. Aliitazama pasipoti, akaniuliza kwa Kiingereza madhumuni ya safari. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimekuja msibani. Akanyamaza kidogo, akasikiliza lafudhi ya pwani ndani ya jibu langu nadhani, akasema, "Pole sana, mama." Akagonga muhuri taratibu, bila kishindo. Mpaka leo namwombea kwa namna alivyougonga muhuri ule.

Kilomita kama 70 kuja Bagamoyo. Niliondoka njia ikiwa mashimo na vumbi, nimerudi ni lami. Nikafika wanaanua tanga.

Hapa naungama mbele yenu, na nimefikiria sana kama niseme. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi. Wanawake wamekaa mikekani, kanga vichwani, ubani unafuka kwenye chetezo. Macho yote yakaniinukia. Na mimi, Mungu anisamehe, kabla sijamfikiria mama nilifikiria nisimame wapi. Mwili wenyewe ulitafuta mahali penye mwanga. Nilijua wanangoja. Mwigizaji amerudi kutoka Ulaya, mama yake amekufa hayupo, sasa tuone. Nikakiita kilio changu, kile kilichonilisha miaka, nacho hakikuja. Na laiti kingekuja ningekufa kwa aibu katika chumba kile, kwa sababu hapakuwa na mtu anayepiga kelele. Wazee wetu wanasema marehemu haombolezwi kwa mayowe, anaombewa dua.

Akanyanyua mkono somo yangu. Ni yeye aliyeniweka ndani nilipovunja ungo, na ndiye aliyenifunza kukaa mbele za watu. Alikuwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu.

"Umefika, mwanangu."

"Nimefika, somo. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapa."

Nikakaa. Akausogeza ungo ukagusa magoti yangu na magoti yake. "Mchele huu una mawe," akasema. "Watu watakula baada ya kisomo."

Ulikuwa mchele wa bonde la Ruvu, mweupe, na chuya za kahawia humo ndani. Nilikuwa sijachagua mchele miaka 18. Kule mchele unatoka kwenye pakiti unakwenda sufuriani. Mwanzoni vidole vyangu vilikuwa vinakimbia. Somo hakunirekebisha. Aliuinamisha ungo kwake kidogo, akaugonga ukingoni kwa kiganja, mawe yakateremka pembeni na makapi yakapanda juu, akatoa jiwe kwa kidole cha shahada na gumba, akaliweka kwenye kisahani. Tena. Tena. Baada ya muda mkono wangu ukaingia kwenye mwendo wake. Tulichagua mchele wa sufuria kubwa mbili, mimi na yeye na mama mdogo aliyejiunga baadaye. Wanawake waliokuwa wananitazama wakaacha kunitazama. Mmoja akaanza kumenya vitunguu.

Katika muda wote ule somo alisema jambo moja tu. Alisema, "Mama yako alikuwa haachi jiwe."

Ndugu zangu, nimecheza mbele ya kumbi zenye viti vya kitambaa. Sijapata kuwa ndani ya mchezo mkubwa kuliko ule. Mwanamke amerudi amechelewa, amekuja na begi la magurudumu na pasipoti ya watu, na kila aliyemo chumbani anajua amechelewa, na hakuna hata mmoja anayemwambia. Wanampa mchele. Wanampa nafasi ya kuwa mtoto wa nyumba ile kwa kutumia vidole. Nimekaa nikafikiri, kwa nini jambo kama hili halipo jukwaani kwetu?

Mtaniambia sisi ni watu wa kelele, watu wa ngoma. Ni kweli, na ngoma ina mahali pake. Lakini sisi wa pwani tuna ufundi mwingine wa kusema tukiwa tumefumba mdomo. Nani hapa hajaona ugomvi wa kanga? Mama yangu na jirani yetu walikosana mwaka mzima kwa ajili ya mpaka wa uwanja, na hapakuwa na siku waliyorushiana neno. Mama alijifunga kanga iliyoandikwa *Hamnitishi wala hamnibabaishi*, akapita kwenda bombani mara mbili kwa siku moja, wakati maji ya ndani yalikuwepo. Kesho yake jirani akaanika ya kwake upande wetu: *Nilidhani dhahabu kumbe adhabu*. Miezi ikaenda hivyo, doti kwa doti, na salamu za asubuhi ziko palepale, "Umeamkaje, Bi fulani", kwa adabu zote. Kisha jirani akauguliwa na mtoto. Mama akapika uji wa mchele akaupeleka, na alipoinama kuuweka chini, kanga aliyovaa ilisema *Wema hauozi*. Jirani aliisoma. Akaupokea uji. Ugomvi ukaishia pale, na mpaka wa uwanja haukuzungumzwa tena.

Mchezo wa vitendo vitano huo, na ndani yake hakuna hata kofi.

Ninaangalia tamthilia zetu za runinga kila jioni, na nazipenda, na ndiyo maana zinaniuma. Mama mkwe anafoka tangu anapoingia. Mke anapigwa kibao, analia. Na kabla mwigizaji hajafungua kinywa muziki umeshamwamuru mtazamaji ahuzunike. Waigizaji wenyewe ni hodari. Nimewaona wanawake vijana wenye uso unaoweza kubeba dakika nzima bila msaada, na dakika hiyo hawapewi. Watayarishaji wanaogopa mtu atabadilisha chaneli. Woga huo naujua. Na mimi niliogopa hivyohivyo kule, nikawauzia mayowe.

Mwaka jana nilijaribu jambo dogo barazani kwangu na vijana watatu, wapo hapa wamekaa nyuma. Tuliwaalika majirani. Mchezo ulikuwa hivi: dada anarudi nyumbani baada ya miaka mingi. Kaka yake amekaa anashona nyavu. Shamba la minazi alilowaachia mama limeshauzwa, kaka ndiye aliyeliuza, na dada ameleta zawadi na anataka kesho waende wakalitazame. Ndiyo hivyo. Nilimwambia kijana asimwambie dada yake mpaka mwisho, na nyavu ziwe za kweli, zilizochanika kweli, na sindano ya nyavu iwe mkononi. Alikaa siku tatu kwa mvuvi mmoja kujifunza kufunga fundo.

Dakika za mwanzo watu walicheka. Walidhani kimya kile ni kusahau maneno. Dada akatoa shati la zawadi, kaka akalipokea kwa mkono mmoja, mwingine haukuiacha sindano. Kicheko kikapungua. Dada akauliza, "Minazi ile mirefu ya upande wa baharini bado ipo?" Kijana akaukaza uzi. Na hapo mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akashindwa kuvumilia, akasema kwa nguvu, "Mwanangu, mwambie dada yako!" Kijana hakumjibu. Aliinama akaukata uzi kwa meno. Yule mzee akavua kofia yake, akaishika magotini, na hakuivaa tena mpaka tulipomaliza. Siku ya pili alikuja kwangu asubuhi na mapema kunieleza habari ya shamba lake mwenyewe. Hayo ni ya kwake, siyasemi.

Kwa hiyo mkitaka kujua nafundisha nini, nafundisha hivi: kabla hujampa mtu maneno, mpe kazi. Kazi ya kweli. Ungo uwe na mawe ya kweli, siyo mchele msafi unaouchezea vidole. Mtazamaji wa Kiswahili amekua katikati ya kazi hizi, anajua mkono unaochagua na mkono unaojifanya kuchagua, na ukimdanganya kwenye mchele hatakuamini kwenye msiba.

Na nina ombi moja la mchezo, nalitoa hapa mbele ya mashahidi, maana huenda mimi sitaufikia. Sote tumefundishwa shuleni kwamba mwaka 1874 mwili wa Livingstone uliletwa hapa Bagamoyo ukalazwa misheni. Watalii wanapelekwa kuuona mnara. Lakini walioubeba ni watu. Watumishi wake, walioitwa Chuma na Susi, pamoja na wenzao waliutoa kule alikofia, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwezi Mei 1873, wakafika hapa Februari, miezi kama tisa kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,500. Waliuzungushia gome la mti na nguo, na njiani wakaufanya uonekane kama robota la vitambaa ili wapite salama. Wakafika. Wakaukabidhi. Wengi wao wakalipwa ujira wao wakaambiwa basi, na meli ikaondoka na mwili.

Mimi simtaki Livingstone katika mchezo huo. Nautaka usiku wao wa kwanza baada ya kuutua mzigo. Mtu amebeba miezi tisa, bega limeshachukua umbo la mti. Amekaa mchangani pale pwani, bahari iko mbele, mifukoni kuna ujira. Wazee wanasema jina la mji huu ni bwaga moyo. Haya, ameubwaga. Mikono yake inafanya nini? Mwenye kuniletea jibu la hilo, la dakika kumi tu, mlango wangu uko wazi na chai ipo.

Niliwaahidi habari ya ungo, na haijaisha.

Siku ya kuanua tanga sikulia. Wala wiki iliyofuata. Nilibaki. Tiketi ya kurudi ikapita tarehe yake. Nikafagia uwanja wa mama, nikalala kitandani kwake, nikazipanga kanga zake kwa rangi halafu nikazipanga kwa maandishi. Watu wakanizoea. Ikafika arobaini. Wanawake walewale, mikeka ileile. Safari hii sikusimama mlangoni. Nilikuwa nimeamka nao kuwasha moto. Somo akakaa, nikakaa, ungo katikati.

Tulikuwa tumefika nusu. Nikaona jiwe dogo jeusi limejificha chini ya chuya, la aina ile ambayo ukilipita litavunja jino la mtu. Nikalitoa. Na nilipolitoa nikainua uso, kama nilivyokuwa nikifanya mtoto, nione kama mama ameniona.

Hapo ndipo yalipokuja, bila sauti, mengi, yanadondoka kidevuni. Hakuna aliyegeuka. Aliyekuwa anakuna nazi akaendelea kukuna. Somo akauvuta ungo polepole upande wake, mchele usilowe, akaendelea kuchagua.